Gharama ya Kukataa: Kufikiri Kimaadili Kuhusu Rushwa ya Ngono Vyuoni

Ahadi za mwana-TANU, yaani mwanachama wa chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ambazo wengi wa kizazi cha wazazi wetu walizikariri na ambazo baadaye zilirithiwa na CCM, chama tawala cha Tanzania, zina sentensi mbili zinazofuatana ambazo huziandika ubaoni kila nifikapo kwenye mada ya rushwa katika somo la maadili ninalofundisha chuoni. Ya kwanza inasema: "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." Ya pili inasema: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Ya kwanza karibu kila mwanafunzi amewahi kuisikia, hata kama hajui imetoka wapi. Ya pili huwa inawapita wengi. Nami naamini kwamba namna chuo kinavyoshughulikia rushwa ya ngono hutegemea sana tumeanzia sentensi ipi kati ya hizo mbili. Tukianzia ile ya kwanza, tunaona watu wawili, mtoaji na mpokeaji, waliokutana sirini na kufanya biashara haramu, na shauri letu linakuwa ni la kuwagawia lawama. Tukianzia ile ya pili, tunamwona mtu mmoja aliyekabidhiwa kalamu ya kusahihishia kwa niaba ya umma, akaigeuza kuwa mali yake.

Nimefundisha somo hili kwa miaka kadhaa, na mjadala wa darasani huanza karibu kila mara kwenye mavazi. Atasimama mwanafunzi, wakati mwingine wa kike, aseme kwamba wasichana wanavaa vibaya na wahadhiri nao ni binadamu. Sipuuzi kauli hiyo, kwa sababu anayeisema ameisikia nyumbani, msikitini, kanisani na kwenye daladala, na anaisema kwa nia njema. Huwaomba tu wanafunzi waeleze ni kwa njia ipi gauni linaweza kubadilisha alama 38 kuwa 50. Wakishafuatilia hatua kwa hatua, kutoka karatasi ya mtihani hadi kwenye mfumo wa matokeo, wanakuta kwamba hakuna hatua hata moja ambayo mavazi yanafanya kazi, na kwamba kila hatua ina jina la mtu mwenye mamlaka ya kuandika. Kuanzia hapo mazungumzo huwa tofauti.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni lile la pili: "Mwalimu, lakini wapo wanaojipeleka wenyewe." Hili linastahili kujibiwa kwa uangalifu, kwa kuwa ni kweli kwamba wapo, na kwa kuwa limewahi kufika hadi bungeni. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, kama kilivyotungwa mwaka 2007, kinamlenga mtu mwenye mamlaka ambaye, katika kuyatumia mamlaka hayo, anadai au kulazimisha upendeleo wa kingono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo wowote. Adhabu yake ikawekwa kuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu hicho kimejengwa juu ya sentensi ya pili ya ubaoni mwangu: mwenye cheo ndiye mwenye kosa. Mwaka 2024 yakaja mapendekezo ya kurekebisha sheria ili anayetoa au kuahidi ngono kwa mwenye mamlaka naye ahesabiwe mkosaji, na mashirika ya kutetea haki za wanawake yakapinga vikali. Waliotetea mapendekezo yale hawakuwa watu waovu. Walikuwa wanasimamia sentensi ya kwanza, "sitapokea wala kutoa," wakiamini kwamba haki ni kuwatazama watu wawili kwa jicho moja. Hoja yao itaendelea kurudi, bungeni na mitaani, kwa hiyo afadhali tuipime vizuri badala ya kuipigia kelele.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu cha tatu cha mihadhara yake ya maadili, aliwaza juu ya vitendo ambavyo mtu anavifanya kwa kuchagua lakini asingevichagua kamwe kama mambo yangekuwa huru. Mfano wake mmoja ni wa nahodha anayetosa shehena baharini wakati wa dhoruba ili kuokoa chombo na watu. Mfano wa pili, ambao hunukuliwa mara chache, ndio ninaoutumia zaidi: mtawala dhalimu amewashika wazazi na watoto wa mtu, naye anamwamuru mtu huyo afanye jambo la aibu, akitii ndugu zake watapona na akikataa watauawa. Aristotle hakusema kwamba mtu huyo hana hiari kabisa. Alisema vitendo vya namna hiyo vimechanganyika, kwamba wakati wa kutenda mtu anachagua, ila jambo lenyewe peke yake hakuna ambaye angelitaka. Uangalifu huo unatusaidia. Hatuhitaji kudai kwamba mwanafunzi aliyekubali alikuwa kama mtu aliyelala usingizi, asiyejua alitendalo. Alichagua. Lakini swali la kimaadili haliishii kwenye kuchagua kwake. Linaendelea hadi kwa yule aliyepanga machaguo, akahakikisha kwamba njia ya heshima ina gharama ambayo mtu wa kawaida hawezi kuilipa.

Na gharama hiyo ndiyo inayopaswa kuelezwa kwa kina, maana wanaotoa hukumu kutoka mbali huwa hawaijui. Katika vyuo vyetu vingi kozi weki, yaani kazi na majaribio ya katikati ya muhula, hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho wa muhula, yaani UE, hubeba alama 60. Mara nyingi mtu yule yule anayefundisha somo ndiye anayetunga mtihani, ndiye anayesahihisha, na ndiye anayeingiza alama kwenye mfumo. Mwanafunzi akipata chini ya kiwango anapata supu, yaani mtihani wa marudio. Akishindwa supu anakeri somo, yaani analibeba na kulirudia mwaka unaofuata. GPA, yaani wastani wa ufaulu wake, ikianguka chini ya kiwango kilichowekwa, anadisko, yaani anaondolewa masomoni. Kwa anayesoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, kudisko au kurudia mwaka kunagusa pia fedha ya chakula, ya malazi na ya ada, na deni la miaka aliyokwisha kusoma linabaki pale pale. Nyuma yake wapo wadogo zake wanaosubiri amalize ili zamu yao ya kusomeshwa ifike, na kijiji kizima kilichochanga nauli ya safari ya kwanza. Mtawala wa Aristotle aliwashika wazazi na watoto kwa askari. Mhadhiri mwenye nia mbaya hahitaji askari, kwa sababu ndugu za mwanafunzi wamekwisha kushikiliwa na alama zake.

Zaidi ya hayo, tishio lenyewe halihitaji kutamkwa. "Njoo ofisini jioni tuzungumze kuhusu karatasi yako" ni sentensi ambayo mwalimu mwema anaweza kuitamka na mwalimu mbaya anaweza kuitamka, bila neno hata moja kubadilika. Mwanafunzi anayeitwa hawezi kujua ni yupi kati ya hao wawili anayemwita mpaka amefika na mlango umefungwa. Akikataa kwenda na baadaye akafeli, hawezi kuthibitisha kwamba alifelishwa, kwa kuwa inawezekana kweli karatasi yake ilikuwa dhaifu. Na kwa kuwa haoni karatasi za wenzake wala mwongozo wa usahihishaji, yeye mwenyewe hana hakika. Nimezungumza na wanafunzi wa zamani ambao miaka mingi baada ya kuhitimu bado hawajui kama ile C waliyoipata ilikuwa ni yao au ilikuwa ni kisasi. Wakikata rufaa, shauri lao linakwenda kwa watu wanaokunywa chai pamoja na mhadhiri aliyelalamikiwa.

Sasa turudi kwa anayejipeleka mwenyewe. Mimi ninaona kwamba amekosa, na simsafishi. Amewakosea wanafunzi wenzake waliokesha maktaba, amekosea mwajiri atakayemwamini siku za usoni, na chuo kina kanuni za udanganyifu wa mitihani zinazotosha kumwadhibu kama vinavyoadhibiwa visa vya kuingia na kibomu, yaani karatasi ya majibu iliyofichwa, kwenye chumba cha mtihani. Lakini kosa lake halipunguzi hata chembe ya kosa la mhadhiri, kwa kuwa ombi lake, hata likirudiwa kila siku, haliwezi kuwa alama mpaka mwenye cheo aligeuze kuwa alama. Na kuna jambo la pili ambalo ni zito zaidi. Mbele ya mahakama, mwanafunzi aliyejipeleka na mwanafunzi aliyelazimishwa wanafanana kabisa: wote wawili walikwenda, wote wawili walinyamaza, na alama za wote wawili zilibadilika. Sheria ikishaweka adhabu kwa anayetoa, yule aliyelazimishwa atajua kwamba siku atakayofungua mdomo atakuwa anakiri kosa la jinai, na mhadhiri wake naye atamkumbusha hivyo. Kwa kutaka kumfikia mmoja asiye mwaminifu, tutakuwa tumemkabidhi mwenye cheo silaha ya kuwanyamazisha wote. Kuwatazama watu wawili kwa jicho moja ni haki pale tu wanapokuwa wamesimama mahali pamoja.

Kwamba kukataa kuna gharama si jambo la nadharia katika historia ya vyuo vyetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuwa na kitu kilichoitwa Mzee Punch, michoro na maandishi yasiyo na jina la mwandishi, yaliyobandikwa ukutani kuwakejeli watu, na kwa kiasi kikubwa kuwadhalilisha wanafunzi wa kike. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alijiua baada ya kuandamwa kwa namna hiyo. Kosa lake, kama ilivyosimuliwa wakati ule, lilikuwa ni kumkataa mwanamume. Waliomwandama walikuwa wanafunzi wenzake na wala si wahadhiri, lakini somo ni lile lile: palikuwa na watu wengi waliojua, palikuwa na uongozi, palikuwa na kanuni, na bado msichana aliyesema hapana aliachwa abebe peke yake matokeo ya hapana yake. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa mwaka 1987, kilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti, na harakati za miaka iliyofuata zilichangia kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kusikia habari hizi. Nadhani kila anayejiunga na chuo kikuu nchini alipaswa kuzisikia katika wiki ya kwanza, pamoja na maelekezo ya maktaba na zahanati.

Miaka mingi baadaye, Novemba 2018, Rais Magufuli alipokwenda chuoni hapo kuzindua maktaba mpya, mhadhiri wa chuo hicho, Dk. Vicensia Shule, aliandika kwenye mtandao wa Twitter kumweleza Rais kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni. Baadaye aliitwa mbele ya kamati ya maadili ya chuo. Sitaki kuingia katika kutetea au kupinga njia aliyoichagua. Ninachotaka tukitazame ni nafasi yake. Huyu alikuwa na shahada ya uzamivu, alikuwa na ajira, alikuwa na jina linalofahamika nje ya chuo, na bado kusema kulimpeleka mbele ya kamati kujieleza. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetazama tukio hilo anajifunza nini kuhusu nafasi yake yeye? TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kuzuia na kupambana na rushwa, nayo baadaye ilifanya utafiti kuhusu rushwa ya ngono katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, jambo ambalo liliondoa angalau kile kisingizio cha kwamba haya ni maneno ya mitandaoni tu.

Kuna watu wengine wanaoumizwa ambao mijadala yetu huwasahau, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo kwa sababu ni jambo linalonigusa kila mwaka wakati wa mahafali. Fikiria msichana aliyepata alama A kwa jasho lake katika somo la mhadhiri anayejulikana kwa tabia hiyo. Minong'ono inaanza kabla hajashuka jukwaani. Hakuna anachoweza kufanya kuizima, kwa kuwa ushahidi pekee wa kazi yake ni ile alama, na alama yenyewe ndiyo imechafuliwa. Rushwa ya ngono inamnyang'anya hata yule ambaye haikumgusa, maana inaondoa kitu pekee ambacho chuo kiliahidi kumpa: ushuhuda wa kuaminika kwamba anajua anachokijua. Baadaye, akiajiriwa kama mhadhiri msaidizi, atasikia tena minong'ono ile ile, na huenda akaamua kuondoka katika taaluma. Kisha tunakaa vikaoni kujiuliza kwa nini wanawake ni wachache katika safu za maprofesa. Wapo pia wavulana wanaofelishwa kwa sababu tu mhadhiri amegundua kuwa wao ni wapenzi wa msichana ambaye mhadhiri huyo anamtaka. Hawa hawana hata jina katika sheria zetu.

Hatuko peke yetu, na majirani zetu wametufunza mambo yanayofaa kuangaliwa. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilikuwa na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono tangu mwaka 2006, lakini mwaka 2018 kililazimika kuunda kamati, iliyoongozwa na Profesa Sylvia Tamale, kuchunguza tatizo hilo hilo ambalo sera ilitakiwa iwe imelidhibiti. Miaka 12 ya kuwa na karatasi nzuri haikutosha. Nigeria nayo, mwaka huo huo wa 2018, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo alirekodi mazungumzo ya simu ambamo profesa wake alikuwa akidai ngono ili ampandishie alama. Profesa alifukuzwa kazi na Desemba akahukumiwa kifungo cha miaka 2. Oktoba 2019 waandishi wa BBC wakaonyesha kwa kamera za siri mwenendo wa baadhi ya wahadhiri katika Chuo Kikuu cha Lagos na Chuo Kikuu cha Ghana, na Julai 2020 Seneti ya Nigeria ikapitisha muswada uliopendekeza kifungo cha hadi miaka 14 na ambao haukukubali ridhaa ya mwanafunzi kuwa utetezi wa mwalimu. Hilo la ridhaa ndilo lililonivutia. Waliouandika walikubali ukweli kwamba pale ambapo mmoja anashika kalamu ya kumpasisha mwenzake, neno "alikubali" haliwezi kubeba uzito tunaoubebesha mahali pengine.

Lakini tazama kilichohitajika ili haki ipatikane katika kisa kile cha profesa: mwanafunzi mmoja, simu, ujasiri usio wa kawaida, na sauti yake kusikika nchi nzima. Hapa kwetu njia inayotumika mara nyingi ni mtego. Mwanafunzi anapiga simu TAKUKURU, namba 113, maofisa wanamwelekeza akubali miadi, naye anakwenda gesti huku wao wakisubiri nje waingie kwa wakati. Ninawaheshimu maofisa wanaofanya kazi hiyo, na najua kwamba bila mitego hiyo baadhi ya watu wasingekamatwa kamwe. Hata hivyo tunapaswa kukiri kwamba tunamtumia msichana mwenye hofu kama chambo, kwamba maofisa wakichelewa dakika chache atakayeumia ni yeye, na kwamba anarudi darasani kesho yake akiwa anajulikana. Chuo kinachotegemea mitego kimekwisha kuamua kwamba ulinzi utakuja baada ya hatari na si kabla yake. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, aliandika mwaka 1785 kwamba kitu chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine, na kwamba kile kilicho juu ya bei zote ndicho chenye utu wa heshima. Tukimtumia mwathirika kupata ushahidi, hata kwa nia njema, tunapaswa angalau kuona kwamba tunakaribia kulifanya lile lile tunalolilaani.

Ndiyo maana naamini kazi kubwa ya maadili katika suala hili ni ya utaratibu, na ni kazi isiyovutia kamera. Swali la kuuliza katika kila kanuni ya chuo ni moja: je, mwanafunzi akikataa, atalipa nini? Tujenge mambo kwa namna ambayo jibu liwe "hatalipa kitu." Kozi weki isahihishwe kwa namba za usajili au namba za siri badala ya majina, kama inavyofanyika kwenye UE. Mwongozo wa usahihishaji uandikwe kabla ya mtihani na ukabidhiwe idarani, ili mtu wa pili aweze kuusahihisha mtihani ule ule akafika karibu na alama ile ile. Karatasi za kozi weki zirudishwe kwa wanafunzi wote, kwa wakati, zikiwa na maelezo. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini mwanafunzi mwenye karatasi yake mkononi hahitaji kwenda ofisini kwa mtu jioni kuulizia amepata ngapi. Alama zinazocheleweshwa na matokeo "yanayokosekana" ni mlango mpana kuliko yote, na mara nyingi uko mikononi mwa ofisi zisizofundisha: masijala, ofisi ya mitihani, ofisi inayotoa transkripti. Tukiwaangalia wahadhiri peke yao tutawaacha wengi.

Mwaka 2021 serikali ilitoa mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia katika taasisi za elimu ya juu na ya kati, na madawati hayo sasa yapo katika vyuo vingi. Ni hatua njema, na nimewaona waratibu wake wakifanya kazi kwa moyo bila bajeti ya maana. Udhaifu wake unatokana na mahali yalipowekwa: wanaoketi kwenye dawati ni watumishi wa chuo kile kile, chini ya uongozi ule ule, na wengi wao watahitaji sahihi ya mlalamikiwa siku watakapoomba kupandishwa daraja. Angalau mjumbe mmoja mwenye sauti ya mwisho atoke nje ya chuo, na kila mwaka chuo kitangaze, bila majina, malalamiko mangapi yalipokelewa, mangapi yalichunguzwa, na kila moja liliishia wapi. Chuo kinachotangaza idadi ya wahitimu wa daraja la kwanza kinaweza kutangaza na hilo.

Wahadhiri wenzangu huniuliza, nami nawaelewa: vipi kuhusu kusingiziwa? Miongoni mwa ahadi zile za TANU imo nyingine inayosema, "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko," na mwanafunzi aliyefeli kwa haki anaweza kweli kumsingizia mwalimu. Jibu langu ni kwamba utaratibu ule ule unaomlinda mwanafunzi ndio unaomlinda mhadhiri mwaminifu. Aliyesahihisha karatasi zisizo na majina, kwa mwongozo uliokuwa idarani tangu mwanzo, na alama zake zikapitiwa na mtu wa pili, hana haja ya kuapa kwamba hakumfahamu mwenye karatasi. Kwa upande wangu, mimi ni mwanamume, nina ofisi, nina kalamu, na sitaki usalama wa wanafunzi wangu utegemee kwamba mimi ni mtu mwema. Wema wangu hawawezi kuukagua. Mlango ulio wazi na karatasi yenye namba wanaweza.

Mahali ambapo mapendekezo haya yote yanagonga mwamba ni kwenye usimamizi wa tasnifu. Hapo hakuna namba ya siri inayoweza kusaidia: msimamizi anamjua mwanafunzi wake, anasoma kila rasimu, wanakutana peke yao kwa miezi au miaka, na bila sahihi yake tasnifu haiwasilishwi. Uhusiano huo unahitaji ukaribu ili uzae elimu, na ukaribu huo huo ndio unaotoa nafasi ya dhuluma. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kubadilisha msimamizi hutakiwa kuandika barua yenye sababu, barua hiyo hupitia kwa mkuu wa idara, na mara nyingi nakala humfikia msimamizi mwenyewe. Kwa hiyo anayekimbia analazimika kwanza kueleza kwa maandishi anamkimbia nani na kwa nini. Pamoja na wenzangu wachache tumeandika pendekezo kwamba kila mwanafunzi wa uzamili na uzamivu awe na wasimamizi wawili tangu siku ya kwanza, kwamba sahihi ya yeyote kati yao itoshe kupeleka rasimu kwa watahini, na kwamba ndani ya mwaka wa kwanza mwanafunzi aruhusiwe kubadilisha msimamizi mara moja bila kutakiwa kutoa sababu yoyote. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichopingwa zaidi katika kikao cha kitivo, kwa hoja kwamba wanafunzi wavivu watakitumia kuwakwepa wasimamizi wakali. Bila shaka baadhi watafanya hivyo. Tumejibu kwamba msimamizi mpya naye atadai kazi, na kwamba uvivu utaonekana katika rasimu inayofuata, ilhali anayekimbia dhuluma hatakuwa na rasimu inayofuata kama hatumfungulii mlango. Pendekezo limepelekwa kwenye kamati ya masomo ya uzamili, ambako litajadiliwa muhula ujao, na nimeomba mwakilishi wa wanafunzi wa uzamili awemo kikaoni akiwa na haki ya kupiga kura.